Taa Iliyokataa Kuzimika

Hamuza alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa siku moja, ambao mtu akioga na kula ugali wake unamtoka. Huu ulikuwa wa miaka, umemhamia mwilini na virago vyake vyote, na kila alfajiri alipoamka kuswali aliukuta umeshaamka kabla yake. Umri wake ulikuwa miaka sitini na mitatu. Thelathini kati ya hiyo ameimaliza juu ya pikipiki, Koboko kwenda Oraba, Koboko kwenda Lobule, Koboko kwenda Arua, akibeba watu na magunia yao, mbuzi wao, wagonjwa wao, na mara moja bibi harusi aliyechelewa harusi yake mwenyewe. Ukimwuliza habari za leo alikujibu, "Tuko tu," na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa juu ya uchovu huo, kana kwamba hautoshi, taa ya breki nayo ikaanza ukorofi.

Taa ya breki, kwa asiyejua pikipiki, ni ile nyekundu ya nyuma inayowaka dereva akikanyaga breki na kuzimika akiachia. Basi, ndiyo kazi yake yote. Hakuna kitu chenye kazi nyepesi kama hiyo kwenye chombo kizima. Lakini ya Hamuza iliamua kuwaka saa zote. Asubuhi inawaka, juani inawaka, akipanda mlima inawaka. Cha kuudhi zaidi ni kwamba ikisimama steji, pale pikipiki zinapongojea abiria, ilikuwa imezimika, imetulia, utadhani haijawahi kumkosea mtu. Akiondoka tu, kabla hajapita maduka ya soko la Koboko, imewaka.

Pikipiki yenyewe ilikuwa nzee, hilo simfichi mtu. Ilipokuwa mpya ilikuwa nyekundu. Siku hizi ilikuwa na rangi ya tofali lililonyeshewa. Hamuza aliinunua kwa mtu aliyekwisha kuichosha, akaichosha tena. Kabla yake alikuwa na baiskeli, na kabla ya baiskeli hakuwa na kitu. Alizaliwa Arua mjini, mtoto wa Wanubi. Babu yake askari, baba yake askari, na yeye angefuata njia hiyohiyo kama vita visingeharibu mambo. Akiwa kijana wa miaka kumi na saba walivuka mpaka kwa miguu pamoja na nusu ya West Nile, wakaenda kukaa ng'ambo, upande wa Kaya, kisha Yei, na huko Yei mfanyabiashara mmoja akamfundisha kuendesha pikipiki ili amtume. Alirudi nyumbani na ujuzi huo mmoja tu. Na miaka ilipogeuka, watu wa upande ule wakaanza kukimbilia huku, alisimama pale Oraba mpakani akawabeba wanawake na watoto wao kwenda Koboko siku nzima, akikumbuka alivyotembea yeye. Hakuwahi kusimulia sana habari hiyo. Mkewe Ruqaiya ndiye aliyeisimulia, na aliisimulia vizuri kuliko yeye.

Steji yao ilikuwa karibu na soko, madereva ishirini na wawili, na mwenyekiti wao alikuwa Jale, Mkakwa wa miaka arobaini, mtu wa maneno machache na sheria nyingi. Sheria yake kubwa ilikuwa ukaguzi wa Ijumaa. Kila Ijumaa asubuhi, kabla Waislamu hawajaenda msikitini, Jale alichukua pikipiki ya kila mtu, isipokuwa ya Hamuza kwa heshima ya umri wake, akaipanda mwenyewe, akazunguka nayo hadi kwenye kona na kurudi, wote wakiangalia breki, honi, taa. Madereva walinung'unika, lakini walijua maana yake. Mvua inaponyesha barabara ya Oraba, malori ya mizigo yanarusha maji machafu hata huoni mkono wako. Unafuata taa ya mwenzako aliye mbele. Ikiwaka, unapunguza. Uhai wako uko kwenye taa ya mtu mwingine.

Basi Jumamosi moja, kwenye mvua ya namna hiyo, Hamuza alikuwa mbele na Jale nyuma, kila mmoja na abiria wake. Mbuzi akakatiza barabara. Hamuza akafunga breki. Jale alikuwa akiiona ile taa nyekundu tangu walipotoka Oraba, inawaka tu, inawaka tu, alikwisha kuizoea. Alipogundua kwamba safari hii mzee anasimama kweli, alikuwa ameshamfikia. Akajitupa kando. Pikipiki ikaingia mtaroni, mama abiria wake akachubuka goti, gunia lake la sukari likalowa lote.

Jale alipanda kutoka mtaroni na matope hadi kifuani. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Hamuza.

"Mzee, mimi naheshimu wewe," alisema. "Wewe iko kwa hii kazi kabla mimi kuoa. Lakini taa yako iko nadanganya watu. Leo ningekuua. Ama ningeua huyu mama."

"Nitatengeneza, Jale."

"Hiyo neno ulisema mwezi uliopita. Ijumaa napima pikipiki yako. Taa ikiwa bado, unatoka steji. Si mimi, Mzee. Ni sheria yetu sisi wote."

Kutoka steji! Kwa kijana si kitu, atahamia steji ya pili. Lakini mzee wa miaka sitini na mitatu, mwenye pikipiki ya rangi ya tofali, nani atampokea? Steji zote za Koboko zimejaa vijana wanaosukumana. Nyumbani kulikuwa na Ruqaiya, na wajukuu wawili ambao binti yao Medina aliwaacha pale alipokwenda kutafuta kazi Kampala. Jiko la nyumba ile liliwaka kwa sababu pikipiki ile ilitembea. Hamuza alirudi kwake jioni ile akiwa hana hata nguvu ya kuvua koti.

Jumapili alikwenda kwa Muzamili, fundi wa hapo Koboko, mtoto wa dada yake. Muzamili alikuwa na mdomo mwepesi na mikono isiyo mibaya.

"Ah, mjomba, hii ni ya dakika tano!"

Ole wako fundi akikuambia dakika tano. Alibadilisha balbu. Halafu akainama chini ya pedeli ya breki, ile ya mguu wa kulia. Pale kuna swichi ndogo, na springi nyembamba inayoivuta. Ukikanyaga, springi inavuta swichi, na taa ya nyuma inawaka. Springi ilikuwa imeota kutu. Muzamili akaishangilia kutu ile kama mtu aliyemkamata mwizi. Akaweka swichi mpya na springi mpya, akapanda pikipiki, akaenda nayo na kurudi. Taa kimya. Akikanyaga inawaka, akiachia inazimika.

"Umeona, mjomba? Nenda kalale."

Hamuza akapanda. Hajafika kwa wauza nyanya, mama mmoja akampigia kelele, "Mzee! Taa yako!"

Jumatatu Muzamili akafungua kiti. Chini yake zilikuwa waya za miaka na miaka, kila fundi aliyepita amefunga fundo lake na plasta yake. Akaona moja imetolewa pembeni kwa ajili ya kuchajia simu, kazi aliyoifanya dereva mwenzao zamani. "Huyu ndiye mchawi," akasema, akaikata. Akazifunga zote upya. Akajaribu: kimya. Hamuza akajaribu: ikawaka. Na sasa hata pa kuchajia simu hapakuwepo.

"Mjomba," Muzamili akasema akikuna kichwa, "mimi nikipanda haiwaki. Wewe ukipanda inawaka. Sielewi."

Watu waliokuwa karibu wakatazamana. Unajua watu wa Koboko. Neno kama hilo halichelewi kufika. Jioni Ruqaiya alikuwa ameshalisikia, akalipokea kwa mkebe wa makaa na ubani. Akaizunguka pikipiki mara tatu uani, moshi ukijaa, wajukuu wakikohoa na kucheka.

"Baba Medina, hii si waya," alisema. "Hili ni jicho la mtu. Kuna mtu anakuonea wivu."

"Anionee wivu kwa kipi, Ruqaiya?" Hamuza akauliza. Alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, jagi la maji mkononi, na hilo lilikuwa la pili. "Mwambie aje achukue. Achukue pikipiki na mgongo wangu pia."

Ruqaiya alicheka, kisha akaacha kucheka, akamtazama. Mume wake alikuwa amekonda usoni. "Vile vidonge vya sukari bado unameza?"

"Nilikwambia nilipona."

"Ni daktari aliyesema umepona, au ni wewe?"

"Mama Medina, niache nipumzike," akasema, na akasinzia hapohapo, jagi bado mkononi.

Jumanne Muzamili alikubali kushindwa, jambo ambalo si dogo kwa fundi. "Nenda Manibe, kabla ya kuingia Arua. Muulize Mindra. Mimi waya nilijifunza kwake. Akishindwa yeye, uza hiyo chuma."

Jumatano, kulipopambazuka, Hamuza alivaa gambuti zake, viatu virefu vya mpira, akaondoka kuelekea Arua peke yake. Mvua ilimkuta njiani. Akasimama chini ya upenu wa duka lililofungwa, akavua gambuti na soksi, akamwaga maji, akavaa tena, akaendelea. Pikipiki ilipanda milima kwa shida, ikiguna, haina nguvu. Kwa miezi imekuwa hivyo. Aliihurumia. Alijiambia kwamba na yenyewe imechoka, kwamba wamezeeka pamoja na watakufa pamoja, na mawazo hayo hayakumpa faraja yoyote. Malori yalimpita, na kila dereva aliyempita alimpigia honi kwa sababu ya ile taa. Alikoma kugeuka.

Mindra alikuwa mama wa Kilugbara wa miaka hamsini hivi, mnene, kitenge kimefungwa juu ya suruali, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Karakana yake ilikuwa mabati manne na benchi. Hakumwuliza Hamuza mambo mengi. Alikaa kwenye kigogo akaitazama pikipiki kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma, hata Hamuza akaona aibu kwa niaba ya chombo chake. Kisha akachukua taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye waya mbili, akaanza kugusa hapa na pale. Alifuata waya ya breki kutoka kwenye swichi hadi nyuma, kidole kwa kidole. Alitikisa usukani. Alipiga kiti kwa ngumi. Alikanyaga pedeli kwa mkono mara hamsini, na mara hamsini taa iliwaka na kuzimika kama inavyotakiwa. Saa nzima ikapita.

Mwishowe alivua miwani. "Mzee, hii pikipiki iko mzima."

"Hapana, mama. Usiseme hivyo."

"Iko mzima kuliko hizi zote naona hapa. Huyo kijana alifanya kazi nzuri."

Hapo Hamuza alishindwa. Alikuwa amejikaza tangu Jumamosi. "Mama, mimi nimechoka," alisema. "Keshokutwa wananitoa steji. Kila mtu ananiambia iko mzima. Nikipanda inawaka. Wanasema ni uchawi. Mke wangu ananifukizia ubani. Wewe ndiye wa mwisho. Ukiniambia nenda, sijui naenda wapi." Na machozi yakamtoka, mzee mzima, mbele ya mwanamke asiyemjua.

Mindra hakumwambia anyamaze. Alisubiri hadi akajifuta kwa mkono wa koti.

"Hii pikipiki nimepima," alisema taratibu. "Lakini sijapima ikiwa na wewe. Panda. Nenda hadi pale kwa mti wa pili wa umeme, kwa kona, rudi. Mimi nakuja nyuma."

Alichukua pikipiki ya mteja mmoja, wakatoka barabarani, Hamuza mbele. Kwa hatua kama mia taa ilikuwa imezimika. Kisha Mindra akaiona ikiwaka, ikipepesa kwanza, halafu nyekundu kamili. Akaongeza mwendo akamfikia ubavuni, akamtazama kuanzia kichwani hadi chini.

"Mzee! Toa mguu kwa breki!"

"Sijakanyaga!"

"Umekanyaga!"

"Wallahi, sijakanyaga! Mguu uko pembeni!"

"Angalia!"

Hamuza akaangalia. Gambuti yake ya kulia ilikuwa juu ya pedeli, imelala pale kwa uzito wake wote, imeikandamiza. Aliitazama. Kichwani mwake mguu ule ulikuwa pembeni, kwenye chuma chake cha kukanyagia, pale alipouweka. Angeweza kuapa mbele ya kadhi. Akauamuru uinuke, ukainuka, akauona ukirudi mahali pake. Akarudisha macho barabarani. Alipoinama tena kuangalia, ulikuwa umeshasogea, uko juu ya breki, na hakuna habari yoyote iliyomfikia.

Akasimamisha pikipiki kando ya barabara. 

Mindra alimkalisha kwenye majani, akashika kisigino cha gambuti na kuivuta. Soksi ilikuwa nyekundu upande wa chini. Akaivua. Jiwe la changarawe, kubwa kuliko punje ya mahindi, lilikuwa limezama kwenye nyama ya unyayo. Bila shaka liliingia kule njiani alipomwaga maji, naye akasafiri nalo kilomita zaidi ya arobaini, akilikanyagia kila aliposhuka. Damu ilikuwa imeganda pembeni yake. Mindra akalitoa kwa vidole viwili. Hamuza hakusema hata "ah".

"Mzee, fumba macho," Mindra akasema. Akafumba. "Nimekushika wapi?"

Hamuza akasubiri. Alisikia lori likipita. Alisikia kuku wa mtu. "Hujashika bado," akajibu.

Hamuza akafumbua macho. Mkono mzima wa Mindra ulikuwa umekumbatia vidole vya mguu wake.

Hapo alielewa, na hakuhitaji kuambiwa na mtu. Miaka miwili nyuma daktari alimpima akamwambia ni sukari, akampa vidonge, akamwonya juu ya macho na juu ya miguu. Vilipoisha alijisikia vizuri, akaona hana haja ya kurudi. Akamdanganya Ruqaiya kwamba amepona. Na miguu ile ameiosha mara tano kwa siku, kila siku ya Mungu, kwa udhu. Mkono wake ulisikia baridi ya maji na ulisikia ngozi, naye akadhani mguu nao unasikia. Hakugundua kwamba upande mmoja umenyamaza. Na pikipiki ile aliyoihurumia milimani kwa kukosa nguvu, ni yeye aliyekuwa ameifungia breki. Aliona aibu, na chini ya aibu aliogopa, akaogopa sana.

Mindra alimwosha kidonda kwa maji ya chupa akakifunga kwa kitambaa safi. Hamuza alikuwa akifikiri haraka, haraka ya mtu anayezama.

"Mama, legeza ile springi," alisema. "Iwake nikikanyaga kwa nguvu tu. Unaweza."

"Naweza. Lakini Ijumaa mwenyekiti wako atapanda yeye, si wewe?"

"Yeye."

"Basi haitawaka. Mguu wake iko mzima. Utapita bila mimi kulegeza kitu." Alifunga fundo la kitambaa, akasimama kwa shida, akajipangusa magoti. "Mimi ni fundi wa waya. Ile yangu nimemaliza. Nenda hospitali, Mzee." Na Hamuza alipotaka kumlipa, alikataa kupokea.

Alirudi Koboko akiinama kuangalia mguu kila baada ya muda, kama mtu anayechunga mtoto mtundu. Ilimchukua nusu ya siku. Ruqaiya alipouliza, alisema Mindra ameugundua ugonjwa, na huo haukuwa uongo. Kitambaa alisema ni mwiba. Alhamisi alikaa ndani akisingizia homa, amelala amegeukia ukuta, na wajukuu walipomwita kula hakuitika.

Ijumaa alikuwa wa kwanza kufika steji. Jale alikuja, akawasalimu wote, akaanza. Alipofika kwa Hamuza alisita kidogo, nadhani hata yeye hakuipenda kazi ile. Akapanda ile pikipiki ya rangi ya tofali. Akaenda. Madereva wote wakainama kuangalia nyuma yake. Imezimika. Akafika kwenye kona, akakanyaga: ikawaka. Akaachia: ikazimika. Akarudi hadi pale walipo, imezimika vilevile, na vijana wakapiga makofi na miluzi. "Mzee iko sawa! Mzee ameshinda!"

Jale akashuka akicheka, na si mtu wa kucheka. Akampa ufunguo kwa mikono miwili. "Samahani kwa ile maneno, Mzee. Nafasi yako ni yako hadi wewe mwenyewe useme basi."

Na Hamuza akafurahi. Nisimsingizie, alifurahi. Aliwaacha wampige mgongoni, aliwaacha waseme. Kitu kizito kilichomkaa kifuani kwa wiki nzima kilishuka, na kwa muda kama wa kunywa chai aliona kwamba inawezekana. Atakuwa anaangalia mguu. Atakwenda polepole. Atakwenda hospitali wiki ijayo, au mwezi ujao, mambo yakitulia.

Wakampa abiria wa kwanza, heshima ya mkubwa. Alikuwa Night Poni, mwanamke wa Lobule, ametoka kumpeleka mtoto kliniki, mtoto mgongoni na mfuko wa chumvi mkononi. "Twende, Baba," akasema, akapanda. Hamuza akawasha. Akauweka mguu wa kulia mahali pake, kwa macho yake akauona umekaa. Mtoto, aliyefungwa upande mmoja wa mgongo wa mama yake, alinyoosha mkono akamshika shati pembeni ya kiuno, akavuta. Kidole kidogo kikamgusa ngozi. Alikisikia vizuri kabisa, joto lake, na kucha yake.

Akainama kuangalia. Mguu ulikuwa juu ya breki.

Akazima injini.

"Shuka, mama," alisema.

"Kwa nini, Baba? Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Panda ya mwingine."

Vijana wakadhani ni mzaha, mmoja akaanza kumtania kwamba mzee siku hizi anachagua abiria. Hamuza akashuka, akakaa chini pale kwenye vumbi la steji, akaivuta gambuti ya kulia kwa mikono miwili hadi ikatoka. Akafungua kitambaa cha Mindra. Akauinua unyayo ili waone wote.

"Jale," alisema. "Ile taa haikudanganya mtu hata siku moja. Mimi ndio nilikuwa nakanyaga. Nilikanyaga na wewe nyuma yangu, na sikujua. Mguu huu sina habari nao."

Hakuna aliyecheka tena. Night Poni alishika mdomo. Jale alichuchumaa mbele ya mguu ule, na hakuzungumza habari ya sheria. Alimwonyesha Night Poni pikipiki ya pili. Kisha akaokota soksi, akamvalisha Hamuza kama unavyomvalisha mtoto, akachukua ufunguo kutoka mkononi mwake.

"Panda nyuma, Mzee. Tunaenda hospitali, halafu mimi mwenyewe nitakwenda kumwambia Mama Medina."

Miaka thelathini Hamuza hakuwahi kukaa nyuma ya pikipiki yake. Alipanda kwa kusaidiwa na watu wawili. Hakujua mikono aiweke wapi; aliiweka magotini, akaiondoa, akamshika Jale mabegani, akaona si vizuri, akaishusha kiunoni. Wakaondoka. Injini ilivuta vizuri, nyepesi, ilipanda kilima cha soko bila kuguna, na Hamuza aliisikia na ikamuuma. Kwenye mteremko Jale akafunga breki kidogo, na Hamuza akamshika kiuno kwa nguvu, akainamisha kichwa kuangalia kama mguu wake bado uko pamoja nao.